Kwa treni hadi nyumba za kale za Kawasaki: mwongozo wa siku moja na watoto

Ukimuuliza mtu Tokyo umpeleke wapi mgeni akaone nyumba ya kale ya Kijapani, wengi watakutajia kasri au hekalu. Vizuri, lakini kasri lilikuwa la bwana mkubwa. Ukitaka watoto waone mkulima alilala wapi, mkewe alipika wapi na farasi alifungwa wapi, panda treni ya kampuni ya Odakyu kutoka stesheni ya Shinjuku uvuke mto Tama, uingie mji wa Kawasaki. Huko kuna Nihon Minka-en, makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1967, yenye majengo 25. Minka maana yake ni nyumba ya mtu wa kawaida. Zilitolewa sehemu mbalimbali za Japani, zikafunguliwa nguzo kwa nguzo na boriti kwa boriti, zikasafirishwa, kisha zikasimamishwa upya kwenye kilima chenye miti.

Nimekwenda mara nne: mara mbili na watoto peke yao, mara moja na wageni, na mara moja na mama mkwe alipotutembelea kutoka Tanga. Makosa karibu yote ya safari hii nimeshayafanya mimi, kwa hiyo wewe huna haja ya kuyarudia.

Hatua ya 1: Chagua siku

Jumatatu pamefungwa, isipokuwa Jumatatu hiyo ikiwa sikukuu ya kitaifa. Siku za kufunguliwa wanaanza saa tatu na nusu asubuhi. Kuanzia Machi hadi Oktoba wanafunga saa kumi na moja jioni, na Novemba hadi Februari saa kumi na nusu. Mwisho wa kuingia ni nusu saa kabla ya kufunga, lakini ukifika saa hiyo na watoto ni bora ugeuze tu.

Msimu una maana kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu nyumba hizi hazina kiyoyozi wala hita. Januari sakafu ni baridi kama barafu na utahitaji soksi pea mbili. Julai na Agosti kilima kizima ni cha mbu, na mbu wa Japani hana adabu, anauma mchana kweupe. Mimi napenda mwisho wa Novemba, majani yakiwa mekundu na moto wa kuni ukiwa neema badala ya adhabu. Aprili nayo ni nzuri.

Hatua ya 2: Kadi za treni, hasa za watoto

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza pesa bila kujua. Tangu Machi 2022, Odakyu wanamtoza mtoto wa shule ya msingi yen 50 tu, popote aendapo kwenye njia zao, mradi awe na kadi ya kugonga ya watoto. Akikata tiketi ya karatasi atalipa nusu ya nauli ya mtu mzima kama kawaida. Kadi ya watoto hainunuliwi kwenye mashine hivi hivi. Nenda dirishani na kitambulisho cha mtoto chenye tarehe ya kuzaliwa, pasipoti inatosha. Usimpe mtoto kadi ya mtu mzima ukitegemea mashine itamhurumia.

Wadogo ambao hawajaanza shule ya msingi wanapanda bure, wawili kwa kila mtu mzima mmoja. Ukiwa peke yako na watatu, wa tatu analipiwa.

Nauli ya mtu mzima kutoka Shinjuku haifiki yen 300 kwa kwenda. Kiingilio cha makumbusho ni yen 550 kwa mtu mzima, na watoto wote mpaka wa shule ya kati wanaingia bure. Piga hesabu mwenyewe: baba, mama na watoto wawili, siku nzima, kwa pesa isiyofika bei ya chakula cha jioni cha familia kwenye mgahawa wa kawaida.

Hatua ya 3: Treni ipi upande (soma hii mara mbili)

Stesheni unayokwenda inaitwa Mukogaoka-yuen. Shinjuku ni kubwa na inachanganya, lakini wewe fuata jina Odakyu mpaka mageti yake upande wa magharibi, usiingie mageti ya kampuni nyingine. Majukwaa ya Odakyu yako ngazi mbili: ya juu ni ya treni za haraka, ya chini ya ardhi ni ya treni zinazosimama kila stesheni. Nenda ya juu.

Sasa sikiliza. Kwenye ubao kuna aina mbili za treni za haraka ambazo majina yake yanafanana. Moja imeandikwa kwa herufi mbili, 急行, kwa rangi nyekundu. Nyingine ina herufi nne, 快速急行, kwa rangi ya machungwa. Ya herufi mbili inasimama Mukogaoka-yuen. Ya herufi nne haisimami, inapita kama haikujui.

Safari yetu ya kwanza nilipanda ya herufi nne kwa sababu ilikuwa inaondoka mapema. Mwanangu, ambaye alikuwa anajifunza kusoma majina ya stesheni, akasema, "Baba, ile si yetu?" huku stesheni yetu ikirudi nyuma dirishani. Tulishuka Shin-Yurigaoka, tukavuka jukwaa, tukarudi. Dakika ishirini zilikwenda, na heshima yangu nayo.

Kama umeshapanda ya herufi nne, usihangaike. Shuka Noborito, stesheni moja kabla ya yetu, kisha panda yoyote inayosimama kila stesheni. Noborito pia ndipo wanaotoka Kawasaki mjini au Tachikawa kwa njia ya Nambu ya kampuni ya reli ya JR wanapobadilishia.

Ile treni ya kifahari yenye viti vya kuhifadhi, Romancecar, inatoka majukwaa hayo hayo ya juu. Watoto wataiomba. Inahitaji tiketi ya ziada na si ya safari hii.

Safari ni dakika ishirini na kitu. Kabla ya Noborito treni inapanda daraja refu na mto Tama unafunguka pande zote mbili, mpana, na kokoto nyeupe kingoni. Hapo unatoka Tokyo na kuingia mkoa wa Kanagawa. Waambie watoto mapema, la sivyo watakuwa kwenye simu.

Hatua ya 4: Eleza jina la stesheni kabla hujaulizwa

Neno yuen maana yake ni bustani ya michezo, yaani mabembea, magurudumu makubwa na kadhalika. Mtoto anayesoma Kijapani ataliona na moyo wake utaruka. Na kweli ilikuwepo: ilifunguliwa mwaka 1927 pamoja na reli yenyewe, ikafungwa mwaka 2002. Jina limebaki, mabembea hayapo. Habari hii itolewe ndani ya treni, wakati bado una biskuti mkononi.

Hatua ya 5: Kutoka stesheni hadi lango

Toka mlango wa kusini. Mtu mzima anatembea dakika kama 13, wewe na watoto hesabu 20. Unaelekea bustani kubwa ya Ikuta Ryokuchi, na lango kuu la makumbusho liko mwanzoni mwake. Nunua maji na chakula karibu na stesheni, kwa sababu ukishaanza kupanda kilima maduka yamekwisha.

Kuhusu chakula: sisi hubeba chapati za kukunja na mayai, na tambi kwa yule asiyekula mayai. Ukitaka kununua, wali wa kubana wa pembetatu wenye samaki upo kila duka. Asiyekula nguruwe au asiyetaka pombe ya kupikia asome viungo au atumie programu ya kutafsiri kwenye simu, kwa sababu vitu hivyo huingia hata kwenye vyakula usivyovidhania. Beba mfuko wa taka. Mapipa ya taka Japani ni adimu, utarudi na maganda yako nyumbani.

Kigari cha mtoto kiache. Kuna miteremko, ngazi za mawe, na kila nyumba ina kizingiti cha juu. Kanga mgongoni inamaliza tatizo lote, na mabibi wa Kijapani watakusimamisha kila hatua kumi wamsalimie mtoto.

Hatua ya 6: Usizunguke nyumba zote 25

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Ukijaribu kuziona zote, kufika ya saba watoto wanaona paa la nyasi jingine tu, na kufika ya kumi na mbili wanaomba kwenda nyumbani. Chagua nne. Zangu ni hizi, ila jisikie huru kubishana nami.

Ya kwanza ni nyumba ya Kitamura, iliyotoka Hadano, mkoa huu huu wa Kanagawa. Mara nyingi umri wa nyumba za zamani hukisiwa, lakini hii ina ushahidi: fundi aliandika kwa wino kwenye ulimi wa nguzo, sehemu inayojificha ndani ya boriti, na tarehe yake ni mwaka 1687. Hakuna aliyeyaona maandishi hayo mpaka nyumba ilipofunguliwa nguzo kwa nguzo. Waonyeshe watoto sakafu ya chumba kikubwa. Sehemu yake ni fito za mianzi zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kama kitanda cha mwanzi. Zulia halikuwepo, na tatami, ile mikeka minene ya Kijapani, zilikuwa anasa.

Ya pili ni ya Emukai, kutoka milima ya Gokayama mkoani Toyama. Hii ndiyo ile yenye paa kali kama viganja viwili vilivyounganishwa kwa dua, na jina la mtindo wenyewe, gassho, linatokana na viganja hivyo. Huko theluji huanguka hadi kufunika mlango, paa bapa lingevunjika. Darini walifuga viwavi wa hariri, joto la moto wa chini likiwapandia. Ukiwa na mtoto mwenye maswali, mwambie kwamba Gokayama pia walitengeneza shura, malighafi ya baruti, kwenye mashimo chini ya sakafu za nyumba kama hizi. Wangu hawakusikia kitu kingine baada ya hapo.

Ya tatu ni ya Kudo, kutoka Iwate kaskazini. Imepinda kama herufi L, na ule mkono mfupi ulikuwa zizi la farasi. Watu na farasi chini ya paa moja, kwa sababu farasi alikuwa mali na baridi ya kule inaua. Simama kwenye sakafu ya udongo katikati, uwaulize watoto wao wangelala upande upi.

Ya nne ni ya Ito. Haikusafiri mbali, ilitoka Kawasaki hapa hapa. Ndiyo mbegu ya makumbusho haya, maana juhudi za kuizuia isiondoke mjini ndizo zilizozaa wazo la kukusanya na nyingine. Dirisha lake la mbele lina fito nene za mbao, na linaitwa shishimado: dirisha la kuzuia wanyama wa porini.

Ukiwa na nguvu ya ziada, ongeza ghala la kuinuliwa juu ya miguu kutoka kisiwa cha Okinoerabu. Mtu wa pwani au wa bara akiliona atasema, hiki ni kihenge. Nyasi, miguu, panya chini wanashindwa kupanda, kila kitu kile kile.

Hatua ya 7: Tafuta moshi, ukae

Kila siku ya kufunguliwa, watu wa kujitolea, wengi wao wazee, huwasha moto katika nyumba chache. Nyumba yenye moto ndiyo unayoruhusiwa kupanda sakafuni, nyingine unatazama ukiwa umesimama kwenye udongo. Namna ya kuijua ni rahisi: tazama paa. Likifuka moshi kwenye nyasi, ingia.

Adabu ya kuingia ni fupi. Sehemu ya sakafu ya udongo, doma, unatembea na viatu. Inapoanza mbao, vua, na uviweke viangalie nje. Vaa viatu visivyo na kamba, na soksi zisizotoboka, maana kidole gumba kitaonekana na kila mtu. Usikanyage kizingiti, ruka. Sisi tumekatazwa na bibi zetu kukaa mlangoni, kwa hiyo watoto wanaelewa haraka. Milango ya karatasi isiguswe: kidole cha mtoto wa miaka mitatu kinapita bila hata kelele.

Jiko lenyewe, irori, ni shimo la mraba katikati ya sakafu, limejazwa majivu, na kuni juu yake. Kutoka darini inashuka ndoano ndefu inayobeba birika la chuma, na kipande cha mbao cha kuipandisha na kuishusha mara nyingi huchongwa umbo la samaki, kwa kuwa samaki ni wa majini na maji ndiyo adui wa moto. Hakuna dohani. Moshi unapanda, unajaza dari, unapenya nyasi, unatoka. Ndivyo ilivyotakiwa. Moshi unakausha nyasi na kamba zilizofunga paa, na unafukuza wadudu. Nyumba ya namna hii ikikaa bila moto, unyevunyevu unaiozesha kutoka juu. Kwa hiyo wale wazee hawaigizi, wanaitunza nyumba. Tazama boriti juu ya jiko: nyeusi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

Mama mkwe aliketi hapo akakunja kanga magotini. Mzee mmoja alikuwa anasukuma kuni ndani kwa koleo ndefu, na kuni zikawa zinafuka tu, haziwaki. Mama akamtazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akatoa kuni mbili, akaacha nafasi chini, akazirudisha zikiwa zimepishana, akainama akapuliza mara moja. Moto ukashika. Yule mzee akacheka, akainamisha kichwa, akasema neno. Nilitaka kumtafsiria, mama akanizuia: "Nimemwelewa. Anasema kuni mbichi." Ndicho hasa alichosema.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Watoto walichora samaki wa mbao kwenye daftari. Hatukuona nyumba nyingine baada ya hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Hatua ya 8: Chakula, na garimoshi

Ndani ya nyumba hakuliwi. Toka uende uwanja wa kati wa Ikuta Ryokuchi, karibu na makumbusho ya sayansi ya mji, utandike mkeka. Hapo limeegeshwa garimoshi halisi la makaa ya mawe la aina ya D51, jeusi, lenye magurudumu yanayomfikia mtoto kichwani. Japani ilitengeneza zaidi ya elfu moja ya aina hii. Kwa mtoto wa kiume wa miaka mitano, siku inaanza hapa na yote yaliyotangulia yalikuwa njia tu.

Hatua ya 9: Indigo, kama muda upo

Karibu na lango la magharibi la makumbusho kuna karakana ya kazi za jadi ambako unaweza kutia kitambaa rangi ya indigo. Anayejua batiki ya kufunga hahitaji maelezo: unafunga kwa uzi au mipira, unachovya, unatoa kikiwa kijani, kinageuka buluu mbele ya macho yako hewani. Hapo ndipo watoto hupiga kelele. Hesabu saa moja na zaidi, na usimvalishe mtu nguo nyeupe. Kwa watoto wa chini ya miaka sita mimi naacha.

Kuna pia makumbusho ya sanaa ndani ya bustani hiyo, na makumbusho maarufu ya katuni si mbali, ambayo tiketi zake hukatwa mapema kwa tarehe na saa maalumu. Usijaribu kuyabandika kwenye siku hii. Yape siku yao.

Hatua ya 10: Kurudi

Ondokeni kabla ya saa kumi. Mchana ule treni za kuelekea Shinjuku bado zina viti, na mtoto akikaa tu, amelala kabla ya daraja. Kurudi hakuna mtego wa herufi nne, maana treni hizo hazisimami hapa kabisa. Panda 急行 ikija. Isipokuja, panda yoyote mpaka Noborito ubadilishe.

Nguo zote zitanuka moshi, pamoja na nywele na mkeka. Zifue peke yake. Kanga ya mama mkwe tulitaka kuifua, akakataa, akaikunja hivyo hivyo akaiweka kwenye sanduku la kwenda nayo Tanga.